Vitenzi vya Kusukuma Kirikuu

Wiki ile nilikuwa nimewafundisha kidato cha pili vitenzi vya Kiingereza vya kusukuma. Push, shove, heave, drive, propel. Wanafunzi wangu waliviandika kwa mwandiko mzuri, wakavikariri kwa sauti moja, na hakuna hata mmoja aliyevionja. Mimi mwenyewe sikuwa nimevionja. Ijumaa nikafuta ubao, nikaomba ruhusa, nikaenda kuoa.

Kwetu ni Chunyu, upande wa Ruangwa. Binti ni wa Naipingo, Nachingwea. Harusi ilikuwa imeshaahirishwa mara moja, masika, barabara ilipokatika, na baba mkwe akatuma maneno ambayo ukoo wetu unayacheka mpaka leo: mwanaume atakayeshindwa na njia mara mbili, aoe hukohuko kwao. Wakati ule hatukucheka, maana mzee hakuwa anatania. Tena shehe aliyealikwa alikuwa na ndoa nyingine Kiegei jioni ileile. Tusipofika kabla hajaondoka baada ya sala ya alasiri, basi tena. Nilimpenda yule binti hata chakula kilikuwa hakipiti.

Msafara wetu ulikuwa kirikuu kimoja cha kukodi, kigari cha kubebea mizigo, wanaume na mashangazi wamejazana nyuma. Stata yake ilikuwa mbovu. Dereva alituonya mapema kwamba kikizimika, dawa yake ni mikono ya watu. Kikazimika penye mchanga mzito, kati ya mashamba ya ufuta uliokwisha vunwa, jua likiwaka kwa bidii zote.

Wanaume wakashuka, wakakunja mikono ya kanzu. Mimi nikazuiwa nisiguse, kwa kuwa bwana harusi hafanyi kazi siku yake. Kabla hawajaegemea gari, bibi mmoja wa msafara wetu akaenda akaketi mchangani, mbele ya magurudumu. Alikuwa mtani wetu, rika la marehemu baba yangu. Kwetu mtani ana ruhusa ya kusema na kuzuia lolote, harusini na hata msibani, na kumkasirikia ni aibu. Mashangazi walidhani atadai kuku. Yeye akanigeukia mimi.

"Mwalimu, gari hili halisukumwi mpaka ulisukume kwanza kwa Kizungu," akasema. "Watoto wetu mnawachapa kwa maneno hayo. Leo na sisi tuyasikie."

Nilitazama jua, nikamtazama yeye, nikajua kubishana kutanichelewesha zaidi. Nikasema push. Akauliza ndiyo nini, nikamwambia kusukuma kwa kawaida. Akasogea pembeni kidogo, wakasukuma kwa kawaida. Gari likajongea hatua moja, likagoma. Akaketi tena, akataka lingine. Nikasema shove, nikaeleza kwamba huko ni kusukuma bila adabu, kwa bega, kama watu wanaogombea mlango. Mjomba wangu, mtu mpole kabisa, akalipiga gari kikumbo akaanguka kifudifudi. Heave nikaieleza kuwa ya pumzi moja, mmoja aite wengine waitikie, na shangazi akaita harambee mpaka ndege wakaruka mashambani. Propel waliikataa, wakasema hiyo ya mafundi. Nilipofika kwenye drive, nikasema ni kuswaga, kama mtu anavyoswaga ng'ombe. Bibi akainuka mwenyewe, akavua kanga ya begani, akaanza kuwaswaga wale wanaume kwa kuwachapa migongoni. Nilicheka hadi nikasahau kwamba naoa.

Kirikuu kikanguruma. Dereva hakuthubutu kusimama, kisije kikazimika tena. Watu wakakimbia, wakarukia nyuma wakivutana. Waliokuwa nyuma walidhani bwana harusi yuko mbele na dereva, na dereva alidhani niko nyuma. Vumbi lilipotulia tulikuwa tumebaki wawili, mimi na bibi.

Simu hazikushika. Akapita mtu na baiskeli. Tulipomweleza yaliyotusibu alicheka, akatuachia baiskeli yake. Bibi akaniambia nipande niende zangu, yeye atafika kula makombo. Ni kweli niliwaza kumwacha. Lakini nilimpakia kwenye kerea ya nyuma, nikashika usukani, na kwa kuwa mchanga ule haukubali kuendeshwa, nikaisukuma nikitembea. Nilisukuma kimya, nikimfikiria shehe, jasho likiharibu kanzu.

Naipingo ilipokaribia, bibi akasema, "Baba yako nilimsukuma hivihivi, alipozidiwa. Mpaka hospitali ya wilaya. Alinitukana njia nzima."

Sikuwahi kulijua hilo. Nyumbani tuliambiwa tu kwamba alipelekwa.

"Alitukana vizuri sana siku ile," akasema. "Na wewe nitukane kidogo. Kimya hiki sikiwezi."

Basi nikamtukana. Nilimwambia ni mzito kama gunia la korosho zilizolowa, na kwamba wachawi wenyewe walimkataa kwa kukosa meno. Akanijibu kwamba mke wangu akiniona usoni ataomba talaka kabla ya mahari. Nilikuwa nacheka, nalia, nasukuma, na baiskeli ikawa inakwenda.

Walitusikia kabla hawajatuona. Shehe alikuwa amekwisha kaa kwenye pikipiki, na baba mkwe amesimama na watu wangu waliofika bila bwana harusi, uso ameukunja. Matusi yalipoingia uani, mzee alisikiliza, akatazama kanzu yangu, akamtazama bibi kwenye kerea, akaanza kucheka polepole. Akamwambia shehe ashuke.

Barazani palitandikwa mikeka. Pembeni mwangu paliachwa nafasi tupu, mahali pa baba, na mjomba alikuwa anasita kupakalia. Bibi akapita katikati ya wanaume na vumbi lake, akakaa pale. Shehe alimtazama, kisha akaanza kufungisha ndoa.