Kodiani Nyekundu Wodini

Nichekeni tu, nimestahili. Sista wa hospitali moja ya Thika aliniomba niwapigie watoto mahututi kodiani, kile kinanda cha kuvuta nilichouziwa na askari mmoja wa Wazungu, nami, bingwa wa dansi Ruiru, nikajiona daktari. Jumapili nilianza na wimbo ninaoupenda kuliko nyimbo zote. Kamau, mtoto ambaye hakuwa amejigeuza tangu aletwe, akaanza kutikisa miguu.

"Sista, anacheza!" nikapaza sauti, nikaongeza kasi.

Kamau akajiburura mpaka chini ya kitanda. Nikacheka, nikaendelea kupiga. Mama yake akanishika mkono.

"Hachezi, anatetemeka. Homgadi, wale askari wa Wazungu, walimpiga baba yake mpaka akafa, huku mmoja wao akipiga wimbo huu kwa kodiani, naye Kamau akiona."

Akaitazama kodiani yangu.

"Na ilikuwa hii hii nyekundu."