Mziba Matundu

Elibariki Mshana alikuwa mwandishi wa tamthilia za polisi za televisheni ya Ujerumani. Ukimwambia mtu maneno hayo pale Euless, Texas, atakutazama kuanzia kichwani hadi miguuni akitafuta chupa uliyoificha. Mpare wa Usangi, mpakia mizigo kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, eti aliwatungia Wajerumani wauaji wao! Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kama huamini una wenzako wengi, maana hata kanisani kwake walidhani anajitafutia makuu.

Alikwenda Ujerumani Mashariki mwaka 1979 kusomea filamu. Huko walikuwa na kipindi cha Inspekta Quandel, na siku moja wakamwita awaelekeze jinsi baharia Mwafrika anavyoongea. Elibariki akasoma karatasi zao, akasema baharia hana neno, tatizo ni muuaji. Mtu aliyekula chakula cha mchana Rostock asingeweza kumuua mkewe Dresden, upande wa pili wa nchi, kabla ya chai ya saa kumi. Wakatazamana. Kesho yake wakamwita tena, na safari hii hawakumuuliza habari za baharia.

Kazi ile ilikuwa na desturi yake. Mswada ulisomwa kwa sauti mezani, na yeyote aliyeona mahali hadithi inapovuja alipiga meza kwa kiganja na kupaza sauti: "Tundu!" Kwa nini mjane hakusikia mlango? Tundu! Mwizi aliupataje ufunguo? Tundu! Bi Ahlers, mkuu wao, mwanamke mkavu aliyevuta sigara mpaka vidole vikawa vya manjano, alisema mtazamaji ni mama mkwe: ameketi sebuleni kwako akitafuta kosa. Wenzake wengine walikuwa hodari wa mazungumzo, wengine wa vichekesho. Elibariki alikuwa mziba matundu. Mswada ulioshindikana uliletwa kwake, naye aliutafutia shahidi, jirani mbea, treni iliyochelewa, mpaka kila kitu kikakaa mahali pake. Jina lake lilipita kwenye kioo cha televisheni mwishoni mwa kipindi, haraka haraka, na hakuna raha aliyowahi kuipata duniani iliyoishinda ile.

Kisha ukuta wa Berlin ukaanguka, nchi ikafa, televisheni yake ikafungwa. Wakubwa wapya kutoka Magharibi walimwambia kwa adabu kwamba waandishi wanao wa kutosha. Mitaani vijana wakaanza kurushia mawe mabweni ya wageni. Mwaka 1992 Elibariki akaingia Houston kwa viza ya matembezi, akafikia kwa mtu aliyesoma naye sekondari, akiwa na hakika kwamba nchi inayopenda mauaji namna hii kwenye televisheni haiwezi kukosa kazi ya mtu kama yeye.

Houston ilimnyoosha. Aliosha magari ya kukodisha, na akirudi alikaa kwenye meza ya jikoni kuandika habari za mpelelezi wa Houston, kwa Kiingereza alichokichonga upya kila sentensi. Alipeleka miswada kila alikoelekezwa. Ofisi moja tu ilimpigia simu, na mwanamke aliyepiga alitaka kujua kama ni kweli Mwafrika aliwahi kuandika Kijerumani, akacheka, akamtakia siku njema. Viza ikaisha muda wake huku yeye akingojea simu nyingine. Baada ya hapo akawa mtu wa kutembea kando ya ukuta. Hakuendesha gari, hakugombana na mtu, polisi wakipita alijifanya anafunga kamba za viatu. Mwandishi wa polisi, mwoga wa polisi! Alipohamia Euless kufuata kazi ya ghalani alikuwa ameshaacha kuandika, na alikuwa amechakaa moyoni kuliko alivyokuwa tayari kukubali.

Hapo ndipo Mado anapoingia. Mado alikuwa Mkongomani wa Uvira, mwanamke mpole mwenye kicheko kifupi, msafishaji katika nyumba ya wazee huko Lewisville. Walikutana kwenye ibada ya Kiswahili mwaka 2000. Mumewe Fidèle, mwalimu, alichukuliwa na askari wakati wa vita na hakurudi. Binti yao Carmel alibaki Bujumbura kwa mama yake mdogo. Mado alikuwa ameomba hifadhi, na kesi yake ilikuwa mbele ya hakimu wa uhamiaji. Akikubaliwa, atamleta mtoto. Akikataliwa, atarudishwa kule kule, kwa askari wale wale, na Carmel atabaki yatima wa mama aliye hai. Hakuwa na jambo jingine lolote alilolitaka duniani.

Mwanasheria wake, mama wa kujitolea mwenye kesi nyingi kuliko masaa, alimwambia aandike maelezo yake yote, kwa utaratibu, ndipo yatafsiriwe na kuapiwa. Mado akamwendea Elibariki baada ya ibada, akamwita yaya, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili cha kwao. "Yaya Eli, banasema uliandikaka mambo ya polisi. Unisaidie."

Hebu fikiria: miaka karibu kumi hakuna binadamu aliyemwomba aandike. Jumapili iliyofuata Kwamboka, nesi Mkenya aliyempangisha chumba, alimshusha Lewisville akiwa na kalamu mbili mpya mfukoni na shati alilopiga pasi. Mado alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo. Walikula, wakatoa vyombo, naye akaanza kueleza habari za basoda, yaani askari.

"Basoda baliingia. Balichukua Fidèle. Mimi balinipeleka kwa nyumba moya, tulikuwa bamama wengi. Après, kisha, nilijikuta ku barabara, bila viatu. Nikatembea mpaka Burundi."

"Subiri, Mama Carmel. Walikuachiaje?"

"Sijue."

"Mlango ulifunguliwa na nani?"

"Sijue, yaya. Nakumbuka nvula. Nakumbuka niko njiani. C'est tout, ni hayo tu."

Kiganja cha Elibariki kilipiga meza chenyewe. Mado alishtuka, na Elibariki akaona haya, akajifanya anaua nzi. Tundu lilikuwa pale katikati, kubwa, mtu angeweza kupitisha lori. Askari wanamkamata mke wa mwalimu, halafu anajikuta tu barabarani? Hakimu gani atalimeza hilo?

Alikwenda nalo ghalani, akalibeba wiki nzima pamoja na maboksi. Na nisiseme uongo kwa ajili yake: alifurahi. Alikuwa akipiga mluzi. Jumapili alirudi na jibu kwenye karatasi. Mmoja wa askari aliwahi kuwa mwanafunzi wa Fidèle. Kijana mwembamba, aliyekuwa mzito wa hesabu, ambaye mwalimu alimvumilia wakati wengine wakimcheka. Akamtambua mke wa mwalimu wake, akamfungulia mlango wa nyuma mvua ikinyesha. Ona vilivyoshikana! Kwa nini aliachiwa, kwa nini peke yake, kwa nini kwenye mvua. Hata Bi Ahlers angezima sigara.

Mado alisoma, akarudisha karatasi mezani. "Lakini huyu mutoto hakuwako."

"Huna hakika kwamba hakuwepo. Mtu fulani alikufungulia. Mimi nimempa sura tu."

"Ni uongo, yaya."

"Ni kiraka, Mama Carmel. Nguo ni yako, kweli tupu, ina tundu moja. Ukienda nalo hivyo, watu hawaamini. Nimefanya kazi hii, nawajua. Unamtaka Carmel au humtaki?"

Swali lile lilikuwa la kikatili na alijua. Mado alifuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa. Kisha akayachukua yale maelezo ayakariri, mwanafunzi mwembamba na mlango wa nyuma na yote. Mwanasheria alipoyasoma alimpongeza, akasema sasa anaelewa.

Siku ya kesi, masika ya 2001, Kwamboka aliwapeleka Dallas kwa gari lake, akaimba njia nzima. "Relax, Mado. Leo tuna-win. Carmel ataanza shule hapa, utaona." Akabaki kwenye maegesho. Elibariki hakupaswa kuingia jengo la serikali hata kwa kusukumwa, lakini aliingia, akaonyesha pasipoti yake ya zamani mlangoni, jasho likimtiririka mgongoni, akaketi kwenye benchi la nyuma. Alijiambia amekuja kumtia moyo Mado. Alikuja pia kumsikiliza yule kijana mwembamba akitajwa kwa sauti mbele za watu.

Mado alieleza vizuri. Mkalimani alifuata nyuma yake sentensi kwa sentensi, na hakimu, mzee mwenye mafua, aliandika. Mado alipofika kwenye habari za mlango wa nyuma, chumba kizima kilitulia. Elibariki aliujua utulivu wa namna ile.

Kisha wakili wa serikali akasimama, kijana mpole, akauliza jambo dogo: "Alipokufungulia mlango, yule askari alikwambia nini?"

Hilo halikuandikwa. Sema lolote, Elibariki aliomba moyoni. Sema alikwambia kimbia. Sema alilia. Alikuwa na majibu kumi, yote mazuri, na yote yalikuwa kwenye benchi la nyuma.

Mado akatazama mikono yake. Wakili akauliza tena, kwa upole ule ule.

"Hakusema kitu," alisema Mado. "Hakukuwa soda. Mi sijue nani alifungua. Nilijikuta ku barabara."

Mkalimani alisita kabla ya kutafsiri. Mwanasheria wake alishika paji la uso. Wakili wa serikali akauliza nani, basi, aliyeandika maelezo yale.

"Ni mimi. Mimi peke yangu."

Alisema bila kugeuza shingo, na huo ndio uongo pekee aliousema siku ile kwa hiari yake. Kuhusu njia ya kwenda Burundi, miguu iliyovimba, wanawake aliowaacha ndani ya ile nyumba, aliongea tena, na kila neno lilikuwa kweli, lakini hakimu alikuwa ameshaweka kalamu chini. Mtu aliyeapa uongo mahali pamoja, alisema hakimu, yeye hawezi kumwamini mahali pengine. Ombi limekataliwa. Akapenga kamasi, akaongeza, kama mtu anayefunga jalada: "Ni masikitiko. Hadithi hii imetungwa kwa ustadi mkubwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake."

Na hapa ndipo penye aibu. Kabla maana ya hukumu haijamfikia, kabla hajamkumbuka Carmel, joto lilimpanda Elibariki kifuani, lile lile la jina linalopita kwenye kioo. Lilidumu kitambo cha pumzi moja. Lilipomtoka, alijiona alivyo, akajichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Akasimama. Alikusudia kusema: ni mimi, niliandika mimi, huyu mama hana tundu lolote, muulizeni upya.

Benchi lililia. Mado aligeuka kwa mara ya kwanza tangu waingie. Macho yake yalikuwa makavu.

"Ikala, yaya," alisema. "Batakukamata na weye. Carmel hatafaidika kitu."

Hakimu akamuuliza mkalimani: mwanamke huyo amesema nini? Mkalimani, binti wa Mombasa, alimtazama Mado, akamtazama Elibariki aliyesimama, akachagua maneno.

"Anamwambia mtu aketi, Mheshimiwa."

Hakimu akainua uso, akapitisha macho kwenye mabenchi polepole mpaka la nyuma. "Kuna mtu anayetaka kusema jambo kuhusu kesi hii?"

Mado alikuwa bado amemgeukia, akitikisa kichwa.

Elibariki akaketi.