Vibuyu Viwili vya Kupeleka Kericho

Nilipofika Ndanai, huku Kenya, kutoka Burundi nilijua kuchuma chai, basi. Mursik, yale maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa, nilifundishwa na mwenye shamba, mama mzee tuliyemwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa mkali, jamani! Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba kibuyu cha watu hakifunguliwi njiani. Ukifungua hewa inaingia, maziwa yanaharibika, na wenyewe wanajua umewaonjea. Kwa miaka minne nilipeleka vibuyu vyake kwa jamaa zake kule Sigowet na Siongiroi, na sikuwahi hata kulegeza kifuniko.

Ndipo akatokea mtu wa kwetu sokoni. Aliongea Kirundi, na mimi nilikuwa sijakisikia kwa muda mrefu, nikalainika mara moja, mjinga mimi. Akasema anaoa huku, ameambiwa apeleke mursik kwa wakwe Kericho, lakini kazi imembana, kwa hivyo nimsaidie na vibuyu viwili. Vilikuwa vizito ajabu na ndani hakikutikisika kitu. Nikasema moyoni, haya yameganda sawasawa, huyu bwana leo hakosi mke.

Askari walisimamisha gari nililopanda kabla ya mji, wakafungua vibuyu. Ndani mlikuwa na vipande vya pembe za ndovu, vimefungwa kwa pamba. Kwanza nilicheka, nikidhani ni mzaha. Halafu wakanifunga pingu.

Sikuwa na kibali cha kukaa Kenya. Mahakamani upande wa mashtaka ukasema hata nisipofungwa, nirudishwe kwetu. Waliomuua mume wangu bado wanaishi mtaa uleule, na waliniambia zamu yangu inakuja. Jela sikuiogopa sana. Kurudishwa ndiko kulikoninyima usingizi.

Wakili wa kujitolea akaeleza kwamba nilidanganywa, akaomba nipewe hifadhi. Hakimu hakushawishika. Akauliza, mtu mzima anabebaje mzigo wa mwingine bila kuangalia ndani? Kogo akasimama kule nyuma bila kuitwa. Karani akamwambia aketi, hakuketi, mpaka hakimu akaamua aapishwe.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi ndio nilimfundisha. Kibuyu ya watu haifunguliwi njiani. Kama hiyo ni makosa, hiyo makosa ni yangu. Usimrudishe huyu kwa watu watamuua."

Nikaona akina mama kwenye viti wakikubali kwa vichwa, na karani pia. Hakimu akaandika kwa muda mrefu sana. Mwishowe akaniondolea shtaka la pembe, akaamuru nisipelekwe popote mpaka ombi langu la hifadhi lisikizwe. Ombi lenyewe lilikubaliwa miezi kadhaa baadaye.

Siku ile ya hukumu nilitaka kumshukuru Kogo vizuri, kwa maneno niliyoyapanga tangu korokoroni. Hakunipa nafasi. Alilalamika kwamba kwa sababu ya kesi yangu chai yake imekomaa shambani, na kiwandani wataikataa. Akaniambia kesho saa kumi na mbili niwe nimeshafunga aproni, nisichelewe. Tangu nikamatwe, hakuna mtu aliyekuwa amenipangia kazi ya kesho. Nikamjibu, ndiyo Kogo, nikakaa kwenye ngazi za mahakama nikalia kwa furaha.