Matuta Yaliyoonekana Kwenye Damu

Kwetu Mpitimbi, anayeondoka nyumbani kwa muda mrefu humlimia mama kwanza. Hakuna aliyetuamuru, ndivyo tulivyokuta. Kwa hiyo kaka yangu alipoambiwa kwamba huenda akachukuliwa kwenye kambi ya wakimbiaji Arusha, alishika jembe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kaka alikimbia na raba za mitumba zilizomzidi, ncha zake amezijaza matambara, na bado aliwaacha wenzake wote kwenye mashindano ya mjini. Daktari aliyekuja na watu wa kambi alimwambia apumzike siku chache, asikimbie kabisa, kisha arudi kupimwa damu.

Basi hakukimbia. Alilima. Mbolea ilikuwa imepanda bei, mama akitegemea majani yafukiwe yaoze, na kaka aliyafukia tangu alfajiri hadi jua linachoma, akiinua matuta marefu yaliyonyooka. Mimi nilimpelekea togwa. Mpaka leo mvua ya kwanza ikigusa udongo, popote nilipo, namwona akinywa bila kuweka jembe chini.

Siku ya majibu nilimsindikiza Songea mjini. Daktari aliitazama karatasi, akamtazama kaka.

"Umekimbia, kijana."

"Sijakimbia, daktari. Nimepumzika."

"Msuli ukitumika sana huvujisha kimeng'enya chake kwenye damu. Chako kimejaa. Kama hukukimbia, basi misuli yako ina ugonjwa, na mgonjwa siwezi kumchukua. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nalima tu."

"Tu?"

Muuguzi mmoja akaangua kicheko. "Daktari, huku kulima si mazoezi. Ni kulima."

Daktari naye akacheka, lakini hakulegeza sharti. Kaka akae wiki nzima bila kazi, apimwe tena. Damu ikitulia, atakwenda. Isipotulia, atabaki.

Nyumbani mama aliuliza, "Yaani shamba langu limeonekana kwenye damu?"

"Limeonekana, mama."

Alitabasamu kama mtu aliyesifiwa. Kisha akalichukua lile jembe, akaliingiza chumbani kwake.

Wiki ile kaka alikaa barazani kama mgeni. Hakuchota maji wala kupasua kuni. Majirani wakipita walimchokoza: "Hodi! Mwali wenu hajambo? Mtamtoa lini?" Alicheka nao, lakini nilimwona akilitazama shamba, tuta la mwisho akiwa ameliacha nusu. Nilitaka aende, na nilitaka damu ikatae. Sikumwambia mtu.

Damu ilitulia. Daktari alisema sasa ni safi, hakuna hata dalili ya ile kazi. Mama aliposikia hivyo alikwenda kumpikia kande za safari.

Arusha ilimchukua kaka, kisha ikamkabidhi kwa miji ya mbali zaidi, na huko akaoa. Sauti yake kwenye simu siku hizi ina lafudhi nisiyoijua. Tuta lile la nusu mama hakumruhusu mtu kulimaliza. Kila msimu alipanda mahindi mpaka lilipoishia. Mimi nami niliondoka nilipomaliza shule. Nimeishi Tunduru, Makambako, Mtwara, na kila mji niliuona mzuri mpaka nilipojua njia zake zote.

Mama alipofariki shamba lilibaki kwa ndugu. Mwaka jana, nikiwa na miaka arobaini na kitu, nilikwenda nikaazima jembe. Matuta ya kaka yalikuwa yamesawazika zamani. Nilikisia tu lile la nusu lilipoishia, nikaanza hapo, nikaliendeleza mpaka mpakani.

Kesho yake kwenye nyumba ya wageni nilishindwa kuinua mikono kuchana nywele. Mhudumu alinihurumia, akaniletea vidonge vya maumivu na maji.

Nilimshukuru. Maji niliyanywa. Vidonge nilivifunga kwenye leso, nikarudi kulala na maumivu yangu.