Ubao wa Namba Moja

Sisi tuliokulia Vulamba, tukirudi nyumbani kila jioni na vumbi jekundu hadi kwenye kope, tulikuwa na mahali pawili pa kunyamaza. Pa kwanza ni kanisani. Pa pili ni karakana ya Papa Kakule, seremala, mbele ya ule ukuta wa ndani uliotundikwa mbao kumi na moja. Watoto wa leo nikiwaeleza jambo hili huniuliza kama tulikuwa tunaabudu mbao. Nawajibu kwamba tulikaribia.

Kila ubao ulikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, wa mti wa libuyu uliotoka misitu ya Beni, na juu yake Papa Kakule alikuwa amechoma kwa msumari wa moto namba na jina la mchezaji wa timu yetu. Timu tuliiita Mteremko, na mgeni alielewa sababu mara tu mpira ulipowekwa katikati ya kiwanja: ulianza kushuka wenyewe. Goli moja lilikuwa juu, karibu na mikalitusi. Jingine lilikuwa chini, kando ya shamba la maharagwe la bibi mmoja aliyekamata mpira na kuukalia mpaka tumwombe radhi sote, refa akiwemo. Kipindi cha kushuka tulikuwa mashujaa. Kipindi cha kupanda tulikuwa watu wa kawaida sana.

Mchezaji akiondoka, au akiondolewa, hakuna aliyeruhusiwa kugusa ubao wake isipokuwa yeye mwenyewe. Alikuja Jumapili baada ya misa ya pili, akapewa randa, akaliranda jina lake mbele ya watu hadi ubao ubaki mtupu, kisha juu ya ubao huohuo likachomwa jina la mwingine. “Jina ni ya mwenyewe,” Papa Kakule alikuwa akisema. “Akitaka kuitoa, aitoe na mukono yake.” Ndiyo maana mbao zile hazikulingana unene. Ule wa namba kumi na moja, nafasi iliyotafuna vijana, ulikuwa umebaki mwembamba kama rula ya shule. Ule wa namba moja ulikuwa mnene kama siku ulipokatwa, kwa kuwa timu haikuwahi kuwa na kipa mwingine. Kipa huyo alikuwa kaka yangu Mumbere, na kama jina linavyomwambia Mnande yeyote, mtu wa kabila letu, ndiye kifungua mimba wetu. Watu walimwita Barrière, yaani kizuizi cha barabarani.

Nikifumba macho hata leo nasikia harufu ya maranda. Yalijikunja kama nywele, na dada zetu waliyachomeka vichwani wakajifanya wanawake wa mjini, wakati sisi tukiyazamia hadi kiunoni na kutoka tukijikuna. Mlangoni alikaa Mama Masika na karai lake la mandazi, na mafuta yalipolia tulijua misa imekwisha, maana mtu wa kwanza kutoka kanisani siku zote alikuwa ni yeye. Mashabiki walikaa kwenye mabenchi ambayo hayajamalizwa. Wengi wa rika langu mlijifunza siasa pale, hata kama baadaye mlikwenda kulipia masomo yake.

Kisha ukaja mwaka ambao Mteremko ilifungwa hata kipindi cha kushuka. Jumapili moja mashabiki wakaitana kuijenga timu upya. Wa kwanza kusema alikuwa Papa Ramazani, Mwislamu mwenye lori lililopanda na kushuka kati ya Butembo na Beni. Alikuwa ametungoja kwa uvumilivu kwenye benchi.

“Ninyi bakatoliki munaomba Mungu asubuyi yote, na bado tunafungwa,” alisema. “Leo tutumie kichwa. Mi niko napita Beni kila juma. Kule kuko batoto, mutu anapiga mpira unasikia hewa inapasuka. Mu gari yangu kuko nafasi, nitabaleta.”

“Batu ba Beni bamezoea kiwanja ya sawasawa,” akajibu Papa Kakule. “Ukibaleta hapa, kipindi ya kupanda batauliza gari yako ibarudishe. Tutafute batoto ba Musienene, bale benye kusukuma chukudu na mizigo ya viazi. Bale banajua mulima.”

“Banajua mulima, ndiyo,” Mama Masika akadakia kutoka mlangoni. “Mais mutu wa chukudu akiona mutu mbele yake, anafanya nini? Anafunga frein!”

Watu walicheka hadi maranda yakaruka, maana sote tuliijua chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, na breki yake. Yeye hakucheka. “Munataka kubadirisha batu. Munajua bale batoto banakula nini mbele ya match? Banakunywa maji. Mutu hapandi mulima na maji tupu mu tumbo.”

“Mama, acha. Haya ni mambo ya mpira,” shabiki mmoja akamkatiza.

“Na mandazi yangu ni mambo ya nini? Mbona iko mu kinywa yako?”

Basi wakaendelea kupanga timu bila yeye, wakihamisha watu kama meza na viti, mpaka mmoja akauliza habari ya kipa: “Na gardien?” Macho yakaenda kwenye ule ubao mnene. Mumbere hakuwepo. Alikuwa Vuhovi kumsaidia bibi yetu kuvuna maharagwe.

“Barrière gani ile?” Papa Ramazani akasema. “Magari yote inapita!”

Walicheka. Nami nilicheka, na hilo silisamehe sana.

“Tusiseme bure,” Papa Kakule akasema. “Nani anakumbuka vile balitufunga?”

Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa wa kwanza darasani, na mkono wangu ulikuwa umezoea kupanda wenyewe. Nilisimama juu ya benchi nikayataja mabao yote ya mwaka ule, moja moja: nani alipiga, kwa mguu upi, mpira ulidunda wapi. Nilionyesha kwamba karibu yote yalipita chini, upande wake wa kulia. Wazee walinisikiliza kama ninavyotamani wanafunzi wangu wanisikilize leo. “Huyu mutoto ana kichwa!” mmoja akasema, na Papa Ramazani akaninunulia andazi. Nililila lote. Kazi yangu yote ya uandishi ilianzia pale: kueleza kwa ufasaha makosa ya watu wa nyumbani, kisha kula.

Ikaamuliwa kwamba kipa atoke. Jumapili iliyofuata Mumbere alikuja, na Papa Kakule akamkabidhi randa bila kumtazama usoni. Kaka yangu aliushusha ubao wake, akauweka mezani, akapitisha kidole gumba juu ya makali ya randa.

“Papa Kakule, hii randa haikate,” alisema. “Muinowe kwanza.”

Akaketi. Jumapili ya pili, Papa Kakule alilinoa lile randa mbele ya macho yetu hadi likanyoa nywele za mkono wake. Mumbere alipitisha kidole. “Bado.” Jumapili ya tatu: “Bado kidogo.” Hapo vijana walianza kucheka, kisha wakaacha, maana yeye hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake. Hakuna sheria iliyoweza kumlazimisha, na aliyeitunga sheria alikuwa wa kwanza kuelewa. Papa Kakule alikata ubao mwingine, akauchoma jina la Kasereka, kijana wa viazi kutoka Musienene, na kuutundika chini ya ule wa Mumbere. Tukawa na mbao kumi na mbili, na namba moja wawili.

Mumbere hakukosa zoezi hata moja. Ndiye aliyemfundisha Kasereka kusimama kwenye lile goli la chini, ambako mpira huja na uzito wa mlima mzima nyuma yake.

Mimi alinisemesha siku moja tu juu ya jambo lile, tukipandisha maji kutoka kisimani. “Baliniambia ulikumbuka yote,” alisema. Niliweka kidumu chini nikangoja kofi. Halikuja. “Uko na kichwa, mudogo yangu. Mais haukuhesabu yenye nilishika.”

Akabeba vidumu vyote viwili akaendelea kupanda. Nilimfuata mikono mitupu, nikijaribu kukumbuka mpira mmoja tu aliowahi kuudaka. Mimi, mwenye kichwa, sikuupata.

Mtataka kujua kama timu ilipona. Kasereka alidaka vizuri, na bado tulifungwa. Kisha Mama Masika, bila kuomba ruhusa ya mtu, akaanza kuleta sufuria ya maharagwe na ugali saa chache kabla ya mechi. Kipindi cha kupanda, wachezaji wetu wakapanda. Katika mjadala wote ule, aliyekuwa amesema kweli ni yule tuliyemwambia aache.

Tulikua. Mimi nilikwenda chuo kikuu nikajifunza maneno marefu. Mumbere alikwenda upande wa Beni akapanda kakao. Alipokuja kututembelea mikono yake ilinuka kakao inayochachuka, na mama alikuwa akilalamika huku akiinusa. Kisha ikaja ile miaka ya mauaji ambayo ninyi wa rika langu hamhitaji nieleze. Asubuhi moja ya mavuno kaka yangu alikwenda shambani kwake, na mpaka leo hajarudi. Wengine waliokuwa upande ule walipatikana, wakazikwa. Wengine walitoka porini wenyewe. Juu yake hatujasikia neno, la uzima wala la kifo, wala hatukukaa kilio. Mama anapokwenda parokiani kuandikisha nia ya misa, huulizwa: kwa marehemu au kwa walio hai? Naye hujibu: “Kwa basafiri.”

Sasa Mteremko inafungwa tena, na mashabiki wanaijenga upya. Mjadala uko kwenye simu, ambako kila mtu anasema na hakuna anayecheka kwa sauti. Vijana wetu wanajua goti gani linamuuma kipa wa akiba wa timu ya Ulaya, lakini kiwanja cha Vulamba wanakiona pale tu picha yake inapotumwa. Siwalaumu sana. Timu imewatawanyikia mikononi. Huyu amekwenda Kampala, yule Goma. Na wapo waliokuja, vijana waliokimbia vijiji vya upande wa Beni na kuhifadhiwa na ndugu zao hapa kwetu. Mmoja wao, Katembo, ni kipa.

“Hao déplacés kesho batarudi kwabo,” mtu aliandika. “Tutabaki na nani?”

“Kesho gani unajua weye?” mwingine akamjibu.

Wakamchukua Katembo. Baada ya siku mbili akanipigia Paluku, mtoto wa marehemu Papa Kakule, ambaye ndiye mwenye karakana sasa.

“Yaya,” alisema, yaani kaka mkubwa, “mbao ya baba zetu iko inaisha, na ile ya Kasereka ilishaisha. Ya namba moja njo yenye ingali nene, na libuyu ya vile haipatikane tena. Yaya Mumbere hayuko. Weye ni mudogo yake. Kuja uirande, tuandike jina ya huyu mutoto.”

Nilimweleza mama. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuinua kichwa. “Mu ile karakana ulisema sana siku moja,” alisema. “Leo chunga kinywa yako.” Miaka yote ile nilidhani hakujua.

Nilikwenda Jumapili baada ya misa ya pili. Mashine za umeme zilizimwa kwa heshima yangu. Katembo alikuwa amesimama kando ya mlango, kofia mkononi, na alipoambiwa mimi ni nani aliniinamia kama mtu anayekuja kuomba chumba. Wenzangu wa zamani walikuwepo, wamenenepa au wamekonda. Paluku aliushusha ubao, akaufuta vumbi kwa kiganja, akauweka mezani. Jina la kaka yangu lilikuwa jeusi kama siku lilipochomwa. Kisha akanipa randa la baba yake.

“Maître, fanya tu,” kijana mmoja, mwanafunzi wangu, akasema kwa upole. “Ni ubao.”

Alisema kweli. Ilikuwa ni ubao. Lakini nyumbani kwetu hatuna kaburi, hatuna cheti, hatuna siku ya kukumbuka. Nilipitisha kidole gumba juu ya makali. Lilikuwa limenolewa vizuri sana. Nilisikia ngozi inafunguka, nikaukunja mkono nikautia mfukoni.

“Paluku,” nilisema, “hii randa haikate. Muinowe kwanza.”

Vijana walilitazama randa. Watu wa rika langu walitazama chini, kwenye maranda. Paluku alinitazama mimi, halafu mfuko wangu, halafu akaenda pembeni akachagua kipande cha mkalitusi, ambao si libuyu, hupasuka na kupinda, akaanza kukikata. Aliuchoma ubao huo jina la Katembo akautundika chini ya ule mnene. Katembo alinishukuru, ingawa sikuwa nimempa kitu.

Enzi zetu mtu alilitoa jina lake mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya watu waliomjua. Siku hizi majina yanatolewa na wengine. Kwenye simu ni kugusa kwa kidole tu, na nje ya simu mnajua wenyewe. Sidai kwamba utoto wetu ulikuwa bora kuliko wao. Tulikunywa maji kabla ya mechi. Nadai tu kwamba tulijua aliyekuwepo na aliyeondoka, na tukaweza kumwonyesha kwa kidole.

Tangu siku ile nakwenda kiwanjani kila Jumapili na kukaa chini kabisa, nyuma ya goli la kando ya maharagwe, mahali mpira unakuja na mlima wake. Jumapili iliyopita tulifungwa. Watu walipotoka wakanizunguka, kwa kuwa sifa ya kichwa changu bado haijafa, wakaniuliza mabao yaliingia vipi.

Niliwaambia sikumbuki. “Niulizeni yenye Katembo alishika.”