Filta Iliyotoka Bila Alama

Filta iliyoingia kwenye pikipiki yangu siyo iliyotoka.

Soma tena hapo. Nilimkabidhi fundi filta ya oili yenye mikwaruzo mitatu niliyoichora mwenyewe kwa msumari. Baada ya kilomita elfu tatu ikatoka nyingine, kopo safi, halina hata mkwaruzo mmoja.

Na aliyeifunga ni shemeji yangu, mume wa dada yangu wa tumbo moja.

Ngoja niwaeleze kwa nini nilikuwa natega mitego kama askari kanzu.

Kazi yangu ni kubeba sampuli za damu kutoka zahanati za milimani kupeleka maabara. Njia ni mawe matupu. Mwaka jana injini ilinifia mlimani kwa oili chafu, damu za watu zikaharibika juani. Bosi akaniambia, "Ikirudia, unaacha funguo mezani."

Aliyenifariji ni mjomba. Ana duka la vipuri, na filta zangu zote nachukua kwake.

"Mpwa wangu, filta zangu ni orijino," alisema. "Huyo fundi wako kaziuza, kakuwekea takataka. Mafundi ndio zao."

Nikamwamini. Huyu ndiye aliyenisomesha, jamani. Nikamhama yule fundi, nikahamia kwa shemeji.

Lakini sumu ilishaniingia. Shemeji akishika spana, nakodoa macho. Akienda kunawa mikono, nakagua mpaka ndoo ya taka. Ndipo nikaanza kuzikwaruza filta kabla sijampa. Tatizo, nilikuwa namwachia pikipiki asubuhi, nikirudi mchana ile ya zamani imeshatupwa.

Siku hiyo sikuondoka. Nilimsimamia mpaka akafungua. Nikaipokea filta ikiwa bado ya moto, nikaigeuza huku na huku.

Hakuna kitu. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Shem, filta yangu iko wapi?"

Akainamisha kichwa. "Usijali, shem. Pikipiki yako iko salama."

"Nimekuuliza filta!"

"Yaache tu hayo."

Niyaache? Nilitoka pale mbio mpaka nyumbani kwake. Nikamkuta dada anaanika nguo. Hata salamu sikutoa.

"Mumeo ni mwizi."

Nikamwaga yote, tena kwa sauti, mpaka jirani wa mlango wa pili akatoka kusikiliza. Dada hakulia wala hakubisha. Alifuta mikono kwenye gauni, akasema, "Twende karakana."

Akatangulia mbele. Mimi moyoni nasema, leo mtu anaumbuka.

Tulipofika, akampita mumewe kama hamwoni, akavuta boksi kutoka chini ya meza.

Filta tatu. Zote zina mikwaruzo yangu, na zote zimekatwa katikati kwa msumeno.

"Mke wangu, tafadhali," shemeji akaanza.

"Nyamaza. Wewe ni mkwe, huwezi kumsema mjomba wetu. Mimi naweza." Akanigeukia. "Haya, chungulia ndani."

Nikachungulia. Karatasi ya kuchujia ilikuwa na mikunjo michache, ya kuhesabu kwa vidole. Gundi ya kuishikilia ilikuwa imeachia kabla hata ya kuonja oili. Kwa filta ile, uchafu wote ungepita pembeni na kurudi kwenye injini.

"Kila ukimletea hizi anaziweka kando, anakununulia nzuri kwa hela yake," dada akasema. "Nikamwambia akueleze. Anasema hawezi kukugombanisha na mtu aliyekusomesha."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Ila ubishi nao ni ugonjwa, bado nikajitetea.

"Labda na mjomba kauziwa mbuzi kwenye gunia. Labda hajui."

Shemeji alirudi kwenye kazi yake. Alikuwa anafungua pikipiki nyingine, kubwa, nyekundu, ya njia mbaya kama yangu. Juu ya siti kulikuwa na filta mpya, bado iko kwenye paketi yake. Paketi ilikuwa na stika ya duka la mtaa wa pili, lile ambalo mjomba hataki hata kulisikia.

Na ile pikipiki nyekundu niliijua. Nimewahi kuiosha mara ngapi, pale uani kwa mjomba?

"Shem," nikauliza taratibu, "hiyo filta umeinunua wewe?"

Akatikisa kichwa bila kuniangalia. "Kaja nayo mwenyewe. Kila mara huja nayo."

Nilikaa juu ya tairi bovu. Mtu aliyenilipia ada, ananiuzia kitu ambacho yeye mwenyewe hathubutu kukifunga kwenye injini yake. Roho iliniuma, siwafichi.

"Nisamehe, shem," nikasema. "Nimekuvunjia heshima, tena nyumbani kwako."

Hakutoa hotuba. Alinisogezea tambara, akasema, "Njoo ushike hapa, nikaze."

Nikaenda nikashika. Dada alikuwa bado amenuna, na haki yake.

Nimejifunza hivi. Ukitaka kujua filta nzuri, usimuulize muuzaji, kaangalie ya kwake ametoa wapi. Na mtu ukimtukana akanyamaza, kabla hujamwita mwizi, jiulize anamfichia nani aibu.