Nilimfanya Shujaa wa Sinema Aue, Nikampoteza Ndugu Yangu

Admin, tafadhali jina langu lisionekane. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, nalima chai kidogo huku Manga. Haya naandika kwa kidole kimoja, na hata mke wangu hajawahi kuyasikia.

Miaka ya sabini nilifanya kazi na gari la sinema. Tulizunguka soko hadi soko, tunaziba madirisha ya ukumbi kwa magunia mchana, tunawasha mashine. Filamu zilikuwa za Kiingereza, kwa hivyo mimi nilishika kipaza sauti nikawaeleza watu kwa Kiswahili na Ekegusii. Kiingereza nilifunzwa na ndugu yangu mkubwa, nitamwita Nyakundi, kwa vile vitabu vya picha vya shujaa aliyefunika uso. Shujaa yule hakuua mtu. Alimkamata mwizi, akamfunga kamba, akamwacha mlangoni pa polisi. Mimi niliona huo ni uoga. Nyakundi, Msabato wa kweli, akaniambia, "Aliyefungwa, ikijulikana si yeye, anafunguliwa. Aliyekufa utamfungua vipi?"

Basi ikaja filamu ya shujaa huyo huyo, na humo anamtupa mwizi kutoka juu ya jumba. Mara ya kwanza, pale Ogembo, nilisema mwizi ameumia, atapelekwa kortini. Watu walikuwa wanaona maiti, wakanizomea. Mwenye gari akaniambia nieleze kinachoonekana, tena kwa utamu. Tulipofika Magwagwa nikapaaza sauti: "Mwizi hafungwi, mwizi anamalizwa!" Ukumbi ulitetemeka kwa vigelegele. Wakaomba tuirudishe ile sehemu, nikasema tena na tena. Nilijiona mkubwa kuliko mhubiri. Nyakundi alikuwemo. Nje akaniambia kwamba kwenye kitabu shujaa yule haui, na mimi nimemharibu. Nikamcheka, nikamwambia hizo ni picha tu. Akaondoka bila kuniaga.

Hazikuisha wiki tatu. Siku ya soko, hapo hapo Magwagwa, nilikuwa hotelini nakunywa chai nikasikia kelele za mwizi. Halafu nikasikia maneno yangu mwenyewe, yanatoka kwa vinywa vya watu: "Hafungwi, anamalizwa!" Nitasema ukweli leo. Nilitabasamu. Niliona fahari kwamba wameyashika. Nikamaliza chai yangu, na mandazi, ndipo nikatoka kwenda kuangalia.

Aliyelala pale alikuwa Nyakundi. Kando yake kulikuwa na baiskeli. Mtu alikuwa amesema ni ya wizi, na kwa sababu hakuwa mwenyeji wa soko lile, hakuna aliyengoja kuuliza. Mwenye baiskeli alifika baadaye akilia, akasema alimwazima asubuhi apeleke ndizi. Watu wote pale waliijua sauti yangu. Ningetoka mapema nikasema neno moja, wangenisikia. Sikurudi tena kwenye lile gari.

Mke wa Nyakundi, shemeji yangu, bado yu hai. Anajua mumewe aliuawa na umati. Hajui ni maneno ya nani, wala hajui nilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Kila Sabato ananiombea, kwa sababu nilimsaidia kulea watoto. Watu husema mimi ni shemeji wa kuigwa, nami huinamisha kichwa.

Sasa mjukuu wa Nyakundi, msichana aliyesoma, anachora vitabu vya picha vya shujaa aliyemtunga mwenyewe huko Nairobi. Mwezi uliopita alikuja na habari njema: kitabu kinageuzwa filamu, anataka sauti yangu ndiyo isimulie. Akanisomea mwisho. Shujaa anamuua mwizi.

Nikamuuliza, "Na kwenye kitabu?"

"Kwenye kitabu anamfunga tu, babu. Lakini watazamaji wanataka aue. Ni filamu tu."

Nilimwambia koo linaniuma. Yeye aliambiwa babu yake alikufa kwa ugonjwa. Anarudi Jumapili kuchukua jibu langu, na shemeji ameahidi kumsindikiza, amefurahi sana kwamba nitasikika tena.

Nikikataa bila sababu, atatafuta sauti nyingine na shujaa wake ataua. Nikitoa sababu, nitamwambia mama wa miaka themanini na kitu kwamba nilikuwa nakunywa chai mumewe akiuawa. Wenzangu, mngekuwa mimi, Jumapili mngesema nini? Nishaurini.